Bibi na Bwana wa Kwenye Nembo ya Taifa ni Nani? Watu Wasio na Majina Waliobeba Alama za Nchi

Wadau, chukua noti yoyote uliyonayo mfukoni. Ya elfu mbili, ya elfu tano, ya elfu kumi, yoyote ile. Sasa itafute nembo ya taifa. Ipo, ila wengi hawaioni kabisa kwa sababu macho yanakimbilia tarakimu. Ipo pia kwenye pasipoti, kwenye barua za serikali, na ukutani mahakamani nyuma ya hakimu.

Ndani ya nembo hiyo wamesimama watu wawili, mwanaume na mwanamke. Mtaani wengi wanawaita Bibi na Bwana. Watanzania wote wanawajua kwa sura. Lakini ukiuliza hawa ni akina nani, majina yao nani, kabila gani, kijiji gani, jibu ni moja tu: hawana majina.

Na hawako peke yao. Ukizichunguza alama kubwa za nchi hii, kuanzia bendera, wimbo wa taifa, Mwenge hadi ile sanamu ya Askari pale Posta, utakuta watu wasio na majina kila kona. Wengine hawana majina kwa makusudi, na ni jambo zuri. Wengine hawana majina kwa sababu walisahauliwa, na hapo ndipo penye tatizo. Hizi ni habari mbili tofauti kabisa, na kuzichanganya kumeigharimu nchi watu wengi.

TAI, TWIGA, HALAFU BINADAMU

Kwanza turudi nyuma kidogo. Enzi za Mjerumani, alama ya serikali ilikuwa tai. Alikuwa tai wa Ulaya, wa mfalme wao, na aliletwa hapa ili watu wajue nani mwenye mji.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia akaja Mwingereza. Bendera yake ya Tanganyika ilikuwa nyekundu, ina bendera ya Uingereza kwenye kona, na upande wa pili kichwa cha twiga. Ndiyo, twiga yuleyule. Twiga hakuanza na uhuru kama wengi wanavyodhani, alikuwepo tangu kwenye bendera ya mkoloni. Nchi ilipojitawala ikamchukua na kumpa maana yake yenyewe. Leo ni mnyama wa taifa, hata timu ya taifa ya wanawake inaitwa Twiga Stars.

Lakini kuna kitu kimoja cha kuangalia hapo. Tai ni ndege, twiga ni mnyama. Serikali zote mbili za kikoloni zilitawala mamilioni ya watu, na hakuna hata moja iliyomweka mtu wa nchi hii kwenye alama yake. Twiga alionekana, mwenye shamba hakuonekana.

Sasa itazame nembo ya leo. Katikati kuna ngao. Juu kabisa kwenye ngao kuna mwenge kwenye rangi ya dhahabu. Chini yake ipo bendera ya taifa. Halafu inakuja sehemu nyekundu, ambayo ni udongo wenye rutuba, ikiwa na jembe na shoka vilivyopishana. Chini kabisa kuna mawimbi ya buluu na nyeupe, yaani bahari na maziwa. Mkuki umesimama katikati. Ngao yenyewe imekaa juu ya Mlima Kilimanjaro. Pembeni ndio wapo Bwana na Bibi, kila mmoja ameshika pembe ya ndovu. Miguuni kwa mwanaume kuna mkarafuu, miguuni kwa mwanamke kuna mpamba. Karafuu ni Zanzibar, hasa Pemba. Pamba ni bara, hasa kule Kanda ya Ziwa. Chini yao pameandikwa Uhuru na Umoja.

Hakuna taji wala kiti cha enzi, na sura ya rais haimo. Zana zilizomo ni jembe na shoka, vitu ambavyo kila nyumba ya kijijini inavyo.

Hii haikuwa ajali. Nchi ina makabila zaidi ya 120. Fikiria wangeweka sura ya chifu mmoja maarufu. Watu wa kwake wangeshangilia, makabila mengine yote yangeuliza, "Na wa kwetu je?" Tena huo ni wakati ambao Tanganyika ilikuwa inawaondoa machifu kwenye utawala, mwaka 1963 mamlaka yao kisheria yalifutwa. Kwa hiyo mwanaume na mwanamke wasio na jina walikuwa ndiyo jibu. Hawawezi kuwa wa Mchaga peke yake, wala wa Msukuma, wala wa Mmakonde, wala wa Mpemba. Hakuna anayeweza kusimama na kusema, "Yule ni babu yangu, nyie kaeni pembeni."

Halafu mwanamke yupo, na amesimama sawa na mwanaume. Hakupewa kona wala hakuwekwa nyuma. Kwa miaka ile hilo halikuwa jambo dogo.

Kwa hiyo huku kutokuwa na jina kuna faida. Wale wawili hawana majina ili kila mtu ajione pale.

ALIYECHORA JE?

Sasa tuje kwenye upande wa pili. Bibi na Bwana hawana majina, sawa. Je, mtu aliyeshika penseli akawachora?

Mwaka 2017 habari za mzee mmoja wa Buguruni, Dar es Salaam, zilisambaa sana kwenye televisheni na mitandao. Mzee alikuwa anaishi maisha magumu, mgonjwa, na alikuwa anasema yeye ndiye aliyechora nembo ya taifa. Watu walishtuka. Wapo waliolia, wapo waliochanga hela, wapo waliouliza ilikuwaje mtu wa aina hiyo akaishi hivyo miaka yote. Mzee akapelekwa hospitali. Haikuchukua muda, mwaka huohuo akafariki.

Na mjadala haukuishia pale. Yakatajwa majina ya watu wengine, wakiwemo wa kutoka Zanzibar, kwamba hao ndio wachoraji wenyewe. Ndugu wakazungumza, magazeti yakaandika, mtandaoni watu wakabishana mpaka usiku.

Hapa hakuna haja ya kuamua nani alikuwa mkweli. Angalia hali yenyewe tu. Nembo iko kwenye kila noti ya nchi, kwenye kila pasipoti inayovuka mpaka, halafu zaidi ya miaka hamsini baada ya uhuru watu wanabishana nani aliichora. Huo ubishi wenyewe ndio ushahidi. Kama jina lingekuwa linafundishwa shuleni kama inavyofundishwa maana ya rangi za bendera, mjadala usingekuwepo. Na kama walikuwa watu kadhaa walioshirikiana, basi yangefundishwa majina yote.

Vijana wanaofanya kazi za usanifu wa picha leo wanaielewa hii vizuri kuliko mtu yeyote. Unachora nembo ya kampuni ya mtu, unalipwa kidogo au huambulii kitu, kesho kazi yako iko kwenye mabango ya mji mzima na hakuna anayejua ni wewe. Hiyo tabia haikuanza na simu janja.

MSTARI MWEUSI NDIO WATU

Bendera nayo ina habari yake. Kila mtoto wa darasa la tatu anajua: kijani ni ardhi na mimea, njano ni madini, buluu ni maji, nyeusi ni watu.

Ila wengi hawajui rangi hizo zilitoka wapi. Bendera ya TANU ilikuwa kijani, nyeusi, kijani. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, ikachukua rangi hizohizo na kuongeza mistari ya njano. Kule Zanzibar chama cha Afro-Shirazi kilikuwa na buluu, nyeusi na kijani, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 rangi hizo zikawa za nchi. Muungano ulipofanyika 26 Aprili 1964, bendera mbili zikaunganishwa kuwa moja. Buluu ikatoka visiwani, njano ikatoka bara, kijani na nyeusi zilikuwepo pande zote mbili. Badala ya mistari kulala, ikapandishwa mshazari kutoka kona ya chini kwenda kona ya juu, ili upande mmoja usikae juu ya mwenzake. Ule mstari wa watu ndio umepita katikati, kutoka mwanzo wa kitambaa mpaka mwisho.

Sasa hao watu ni akina nani? Viongozi wa TANU wanajulikana, picha zao zipo. Lakini chama kilichoanzishwa 7 Julai 1954 kisingefika popote kwa hotuba peke yake. Dar es Salaam ya miaka ile ilikuwa na vikundi vya ngoma vya wanawake. Walikuwa wanacheza kwenye harusi, wanachangiana kwenye misiba, wanashonesha sare. Ukitaka habari ifike Ilala, Kariakoo na Magomeni kwa siku moja, hao ndio walikuwa mtandao wa jamii wa wakati ule. Bibi Titi Mohamed mwenyewe alitokea huko, alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kabla ya kuwa kiongozi. Mwaka 1955 alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake chamani, alipita kwenye vikundi hivyo, na kwa miezi michache tu wakajiunga kwa maelfu.

Jina la Bibi Titi lipo, lina hadi barabara mjini. Lakini wale maelfu? Mama aliyekuwa anauza vitumbua asubuhi, jioni anatembeza kadi za chama nyumba kwa nyumba huku mume hajui? Hana barabara wala picha kwenye kitabu. Yupo ndani ya ule mstari mweusi.

WIMBO WA MWALIMU NA WIMBO WA KUBEMBELEZA MTOTO

Agosti 2025 mashindano ya CHAN yalichezwa Tanzania, Kenya na Uganda. Kabla ya kila mechi, watu viwanjani walisimama, wengine mkono kifuani, wakaimba nyimbo za mataifa yao. Wachache walijua wanachoimba kilianzia wapi.

Muziki wa Mungu Ibariki Afrika haukutungwa Tanzania. Uliandikwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, Afrika Kusini. Hakuwa tajiri wala mwanasiasa, alikuwa anawafundisha watoto kuimba. Alifariki mwaka 1905 akiwa bado kijana, hajui kama wimbo wake utafika popote. Mwaka 1912 ukaimbwa kwenye mkutano wa kuanzishwa kwa chama ambacho baadaye kilikuja kuitwa ANC. Kutoka hapo ukatembea na watu. Tanganyika ikauchukua kwa Kiswahili mwaka 1961. Zambia ikauchukua muziki wake ikaweka maneno yake. Afrika Kusini yenyewe ilibidi isubiri mpaka ubaguzi wa rangi uanguke mwaka 1994.

Na unajua kaburi la Sontonga lilikuwa wapi muda wote huo? Halikujulikana. Watu waliimba wimbo wake kwenye maandamano, gerezani na msibani, na hakuna aliyejua amelala wapi. Mpaka watu wakakaa chini, wakapekua kumbukumbu za makaburi ya Johannesburg, wakalipata. Mwaka 1996, chini ya Rais Nelson Mandela, likatangazwa kuwa mnara wa taifa. Ni miaka 91 baada ya kifo chake! Kumbe jina lililopotea linaweza kurudishwa, kama kuna watu wenye nia ya kulitafuta.

Kwa majirani Kenya habari ni tamu zaidi. Walipokuwa wanajiandaa na uhuru wa 1963, hawakutaka wimbo wa bendi ya kijeshi ya kizungu. Wakatafuta muziki wa kwao, na uliopatikana ulikuwa wimbo wa kubembeleza mtoto wa Wapokomo, watu wa Mto Tana. Wataalamu wa muziki wakaupanga upya, yakaandikwa maneno ya Kiswahili na Kiingereza, ndiyo huo unaoimbwa mpaka leo.

Hebu fikiria. Rais anasimama, jeshi linapiga saluti, wanariadha wa Olimpiki wanalia machozi juu ya jukwaa la medali. Na muziki wenyewe ulianza na mama kando ya mto, mtoto analia, yeye anatafuta sauti ya kumtuliza. Mama wa kwanza kuuimba ni nani? Hakuna ajuaye, wala hakuna wa kulaumiwa. Nyimbo za aina hiyo zimepita mdomo kwa mdomo, kila mama ameongeza chake. Huyo ni kama Bibi wa kwenye nembo, hana jina kwa sababu ni wengi.

Lakini Sontonga alikuwa mtu mmoja. Alikuwa na jina, alikuwa na kaburi. Kumsahau yeye ni kosa la aina nyingine.

ASKARI WA POSTA NA WABEBAJI WA KARIAKOO

Dar es Salaam kuna sehemu ambayo kila mtu anapitia: pale Posta kwenye sanamu ya Askari. Watu wanapeana miadi pale, "Nikute Askari." Sanamu ni ya mwanajeshi Mwafrika, ameshika bunduki yenye singe, ameielekeza upande wa bandari.

Kabla ya huyo Askari, pale palisimama sanamu nyingine. Ilikuwa ya Hermann von Wissmann, Mjerumani aliyeongoza jeshi lililozima upinzani wa Abushiri kule pwani mwaka 1889. Wissmann alisimama juu, amejidai. Chini miguuni kwake walichongewa askari Mwafrika na simba aliyekufa. Mjerumani alikuwa na jina lake, askari hakupewa.

Waingereza walipoingia mjini mwaka 1916 wakaiondoa. Baadaye Wissmann akapelekwa Hamburg, akasimamishwa chuo kikuu. Huko nako wanafunzi walimchoka, wakamfunga kamba, mwaka 1968 wakamwangusha moja kwa moja.

Mwaka 1927 Waingereza wakazindua sanamu ya sasa. Safari hii Mzungu hayupo, askari yuko peke yake juu. Ni hatua. Sanamu za kumbukumbu hiyohiyo zipo pia Nairobi na Mombasa. Maneno yake yaliandikwa na Rudyard Kipling, mwandishi maarufu wa Uingereza. Yanawakumbuka wanajeshi Waafrika na wabeba mizigo, halafu yanaahidi kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako.

Soma hiyo mara mbili. Inaahidi jina litakumbukwa, halafu yenyewe haina jina hata moja la Mwafrika.

Na wabeba mizigo ndio balaa zaidi. Vita vile Afrika Mashariki vilipiganwa kwenye mapori yasiyo na barabara. Farasi na punda walikufa kwa mbung'o. Kwa hiyo kila kitu, risasi, chakula, dawa, hata vipande vya mizinga, vilibebwa kichwani na watu. Wengi walichukuliwa vijijini kwa nguvu. Walikufa makumi ya maelfu, na wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na njaa, kuhara, malaria na uchovu.

Dar es Salaam kambi yao ilikuwa sehemu ambayo leo ndiyo soko kubwa la nchi. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Ulimi wa mtaani ukakigeuza: Kariakoo. Nairobi nao wana yao, Kariokor.

Kwa hiyo kila siku konda anapoita "Kariakoo, Kariakoo!", anawaita wabebaji wale bila kujua. Hakuna mnara mkubwa kuliko huo. Umati wa Kariakoo leo umejaa vijana wanaosukuma mikokoteni na kubeba mizigo mabegani, nao wengi hawajulikani majina, wanaitwa tu "Oya, kijana!" Historia imebaki palepale, mzigo ndio umebadilika.

KILELE KILICHOBADILISHWA JINA

Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, wakati bendera ya Uingereza inashushwa Dar es Salaam, bendera ya Tanganyika na Mwenge wa Uhuru vilikuwa vinapandishwa juu ya Kilimanjaro. Mwalimu Nyerere alikuwa ameshalisema wazo hilo mwaka 1959 kwenye Baraza la Kutunga Sheria, kwamba wangependa kuwasha mwanga juu ya mlima ule umulike hata nje ya mipaka, ulete matumaini pale penye kukata tamaa.

Afisa aliyeusimamisha mwenge kileleni anajulikana, ni Luteni Alexander Nyirenda. Jina lake lipo vitabuni, na anastahili. Ila yeyote aliyewahi kufika hata Marangu anajua mlima ule haupandwi na mtu mmoja. Kuna wanaojua njia, kuna wanaobeba hema, maji na chakula. Leo wabebaji wa Kilimanjaro wanaitwa wagumu, na jina linajieleza. Mgeni anapiga picha kileleni, mgumu hayupo kwenye picha.

Lakini siku ile kulifanyika jambo moja zuri sana kuhusu majina. Kilele chenyewe, tangu 1889, kilikuwa kinaitwa kwa jina la mfalme wa Ujerumani, Kaiser Wilhelm. Nchi ingeweza kulifuta jina hilo na kuweka la kiongozi wake mpya. Haikufanya hivyo, ikakiita Uhuru. Jina la mtu mmoja likatoka, likaingia neno la watu wote.

Huo ndio ule moyo wa Bibi na Bwana.

KUTOKUWA NA JINA KWA AINA MBILI

Ukiziweka habari zote hizi pamoja unaona kitu. Alama za taifa zilifanya kazi kwa sababu hazikuwa za mtu. Kilele ni Uhuru, si fulani. Nembo ina mwanaume na mwanamke, haina chifu. Bendera ina watu, haina mtu. Ndiyo maana kijana wa Tandale na kijana wa Minneapolis mwenye wazazi wa Tanga wote wanaweka bendera ileile kwenye wasifu wao wa Instagram, na hakuna anayejiona mgeni. Hilo nchi nyingi zimelitafuta zikalikosa.

Ila wapo watu walioitumia hekima hiyo kama kisingizio. Ukiuliza aliyechora nani, unajibiwa "ni mali ya taifa". Ukiuliza aliyebeba nani, unajibiwa "ni mashujaa wetu wote". Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, mkuki na ngao vinawekwa mnarani, watu wanasimama kimya, halafu wanarudi makazini. Heshima ipo, lakini kumheshimu kila mtu kwa jumla ni rahisi. Kazi ngumu ni kumtafuta mmoja mmoja.

Alama inaweza kuwa ya wote, na wakati huohuo mikono iliyoitengeneza ikawa na majina. Moja haimfukuzi mwenzake. Afrika Kusini hawakuacha kuuona wimbo kuwa wao baada ya kulipata kaburi la Sontonga. Waliupenda zaidi.

Na hii haihitaji wizara wala bajeti. Nyumba nyingi za Kitanzania zina mzee ambaye baba yake alibeba mizigo vitani, au bibi ambaye alitembeza kadi za TANU, au fundi cherehani aliyeshona bendera za sherehe za mtaa. Watu hao wanaondoka kila mwezi. Simu zilezile zinazorekodi changamoto za TikTok zina kinasa sauti. Dakika ishirini zinatosha: "Bibi, jina lako kamili nani? Ulikuwa wapi siku ya uhuru? Ulifanya nini? Ulikuwa na nani?" Andika na tarehe, tuma kwenye grupu la familia.

Mzee wa Buguruni alijulikana nchi nzima wiki chache kabla ya kufa kwake. Kama mtu angemkalisha chini na kumrekodi miaka ishirini kabla, akiwa na nguvu na kumbukumbu zake, huenda leo ubishi usingekuwepo, awe ndiye aliyechora au siye.

Bibi na Bwana wataendelea kusimama pale kwenye noti bila majina, na ni sawa, maana wale ni kila mtu. Ila bibi yako wewe si kila mtu. Ana jina.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Nyumbani kwenu nani alikuwepo, na alifanya nini? Andika jina lake hapo chini lisomwe.